Akija nesi wa muda wodini, mzazi afanye nini?

Mzazi anayelala na mtoto wodini huwazoea manesi haraka. Siku ya pili tu tayari anajua yupi ana mkono mwepesi wa kuchoma sindano, yupi anacheka na watoto na yupi hataki kuulizwa kitu kabla hajamaliza kugawa dawa. Ndiyo maana moyo hushtuka jioni inapoingia sura mpya, nesi anayemuuliza mwenzake kabati la dawa liko wapi na funguo anazo nani.

Mara nyingi huyo ni nesi wa muda. Ameajiriwa kwa miezi michache, wiki chache au zamu chache tu ili kuziba pengo. Mtaani wapo wanaomwita deiwaka, kama dereva anayeshika daladala siku mwenyewe hayupo.

Jina hilo lina dharau ndani yake, na dharau hiyo huwapoteza wazazi kwa njia mbili. Wapo wanaokataa asimguse mtoto hadi arudi “nesi wetu”, na dawa inachelewa. Wapo wanaomtilia shaka kimyakimya lakini hawamuulizi chochote kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Wote wawili wanaweza kumponza mtoto.

Ukweli ni kwamba nesi wa muda si nesi nusu. Kama ana leseni, amesoma yale yale na kupita njia ile ile. Hatari iko kwenye saa zake za mwanzo, pale mtaalamu mzuri anapofanya kazi mahali asipopajua, kwa mtoto asiyemjua. Saa hizo hospitali inapaswa kuziandaa mapema, na mzazi naye ana sehemu yake.

Kwa nini hospitali inaajiri wa muda

Sababu ya kwanza iko nyumbani kwa nesi mwenyewe. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania Bara, mama aliyejifungua ana haki ya likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Siku 84 ni wiki 12. Wodi yenye manesi wanane ikiwa na wawili walio kwenye likizo ya uzazi, zamu za usiku ndizo zinazoanza kupungukiwa watu.

Wengine huenda masomoni, wengine huugua, wengine huhama kumfuata mwenza. Kisha kuna misimu. Mvua zikikolea, malaria na nimonia hujaza wodi za watoto, na hospitali iliyokuwa na manesi wa kutosha Januari hujikuta haina wa kutosha Mei.

Hospitali binafsi hupiga simu kwa nesi anayefahamika na kumpa zamu. Vituo vya umma, vinaposubiri watumishi wapya wa kudumu, hutumia mapato yao ya ndani kuwalipa wa mkataba au kuwapa posho wanaojitolea. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006, nayo kwa miaka mingi imeajiri wahudumu wa afya kwa mikataba ya muda na kuwapeleka wilaya zenye upungufu.

Nchini Kenya, mwaka 2020 maelfu ya wahudumu wa afya waliajiriwa kwa mikataba ya muda chini ya mpango wa Afya kwa Wote. Miaka iliyofuata waliingia barabarani kudai ajira ya kudumu.

Marekani huko, kazi hii imekuwa sekta kamili. Wakala humtafuta nesi, hospitali humlipa wakala, na nesi husafiri hadi jimbo jingine kwa mkataba ambao kwa kawaida ni wa wiki 13, mara nyingi akipewa na fedha za nyumba. Majimbo zaidi ya 40 yamekubaliana kutambua leseni moja ili nesi asianze upya kila anapovuka mpaka. Wakati wa korona, malipo ya manesi hao yalipanda sana kwa sababu kila hospitali iliwataka kwa wakati mmoja. Miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo wamo Wakenya waliohamia huko.

Kwa kuwa wamezoeleka huko, wamechunguzwa pia. Mwaka 2007 Profesa Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichapisha utafiti kuhusu manesi wa muda katika hospitali za Marekani. Waliona kwamba elimu yao haikuwa chini ya ile ya manesi wa kudumu, na kwamba matatizo yaliyodhaniwa kuletwa nao yalielezeka zaidi na mazingira mabovu ya hospitali zenyewe. Hospitali yenye uhaba na mpangilio mbaya ndiyo inayowahitaji zaidi wa muda, na ndiyo hiyo hiyo isiyowaandaa.

Pale zamu inapobadilika

Tuseme mtoto wa kilo 12 amelazwa kwa malaria kali. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, sindano ya artesuneti hutolewa mara anapofika, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Kama ya kwanza ilichomwa saa 1 jioni, ya pili ni saa 1 asubuhi na ya tatu ni saa 1 jioni ya siku inayofuata.

Saa hizo huangukia karibu kabisa na wakati wa kubadilishana zamu. Aliyechoma ya kwanza anafungasha mkoba aende nyumbani, na anayeingia ndiye atakayechoma ya pili. Kama ripoti ya kukabidhiana imetolewa kwa haraka na anayeingia ni mgeni, makosa mawili yanaweza kutokea: dozi kurukwa kwa kudhani imeshatolewa, au kurudiwa kwa kudhani bado.

Uzito nao una neno lake. Kwa mtoto wa chini ya kilo 20, dozi ya artesuneti ni miligramu 3 kwa kila kilo. Wa kilo 8 anahitaji miligramu 24, wa kilo 12 anahitaji 36. Uzito uliokisiwa kwa macho, au ulioandikwa kwenye kadi miezi sita iliyopita, unabadilisha dawa inayoingia mwilini.

Parasetamoli ya maji ina mtego mwingine. Ipo chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, na ipo yenye miligramu 250 katika mililita 5 zile zile. Nesi aliyezoea chupa ya kwanza kule alikotoka, akikuta ya pili hapa na asisome lebo, kijiko kile kile kinakuwa dozi zaidi ya mara mbili. Nesi wa kudumu naye anaweza kukosea hivyo, ila mgeni yuko karibu zaidi na kosa hilo.

Hospitali makini hufanya haya kabla

Jambo la kwanza ni leseni. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi Tanzania Bara bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kumwona mtu amevaa sare, au kusikia kwamba “alisoma na fulani”, hakutoshi. Mwajiri huangalia leseni yenyewe na kuhakikisha haijaisha muda, hata kama anamhitaji nesi huyo kwa usiku mmoja.

La pili ni uzoefu wa wodi husika. Nesi aliyefanya kazi miaka mitano kliniki ya macho ni nesi kamili, lakini kumwacha peke yake na watoto wachanga usiku ni kumwonea yeye na watoto.

La tatu ni kumtembeza. Kabla hajakabidhiwa mgonjwa, aonyeshwe trei ya dharura, mtungi wa oksijeni, kabati la dawa, fomu zinazotumika hapo na namba ya simu ya daktari wa zamu. Kisha apewe mwenyeji wa kumuuliza. Hakuna sababu ya zamu ya kwanza ya mgeni kuwa ya usiku akiwa peke yake.

La nne ni makabidhiano ya kitandani. Nesi anayetoka na anayeingia hupita kitanda kwa kitanda, wakimtaja mtoto kwa jina, ugonjwa, dawa aliyopewa na saa, na kinachosubiriwa. Makabidhiano ya aina hii humpa mzazi nafasi ya kusikia na kusahihisha palepale.

La tano ni usingizi. Nesi anayechukua zamu za muda mara nyingi ana ajira nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, lakini kila mwajiri huhesabu saa zake tu. Aliyetoka zamu ya mchana hospitali moja anaweza kuingia ya usiku hospitali nyingine bila mtu kujua. Mwajiri mwenye busara humuuliza: “Jana ulilala wapi, leo umetoka kazini saa ngapi?” Na humlipa kwa wakati, kwa sababu malipo yanayocheleweshwa ndiyo yanayomsukuma mtu kuongeza zamu nyingine.

Mzazi afanye nini

Kwanza, amsalimie na kumtambulisha mtoto. “Shikamoo sista” au “Habari ya kazi, sista, huyu ni mwanangu, ana miaka miwili, tumelazwa juzi kwa malaria” ni sentensi fupi, lakini inampa nesi mgeni mambo manne kabla hajafungua faili.

Pili, awe na karatasi yake. Daftari la shule linatosha. Aandike uzito wa mtoto uliopimwa siku ya kulazwa, dawa ambayo mtoto ana aleji nayo, magonjwa ya kudumu kama selimundu, pumu au kifafa, na kila dawa iliyotolewa pamoja na saa yake. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya faili, lakini inasaidia kugundua mapema pale faili na kilichotokea vinapopishana.

Tatu, aulize kabla ya kila dawa. Maswali matatu yanatosha: hii ni dawa gani, ni kiasi gani, na inayofuata ni saa ngapi? Nesi aliyefundishwa vizuri hakasiriki, maana naye amefundishwa kuhakikisha mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi.

Nne, ajitahidi kuwapo kitandani zamu inapobadilika. Wazazi wengi hutumia saa hiyo kwenda kuoga au kupokea chakula getini. Kama lazima atoke, amwachie shangazi au bibi karatasi ile na kumweleza dawa ipi inasubiriwa.

Tano, asimamie upande wa mtoto bila kumdhalilisha nesi. Kauli kama “Wewe si wa hapa, niitie wa hapa” humfunga mtu mdomo, na mgeni aliyefungwa mdomo haulizi tena asichokijua. Bora kusema: “Sista, asubuhi aliandikiwa nyingine. Naomba tuangalie faili pamoja.” Kama jibu haliridhishi, amwone muuguzi kiongozi wa zamu, kisha muuguzi mfawidhi wa wodi au mganga mfawidhi wa kituo.

Yapo mambo ambayo hayasubiri utaratibu wowote. Mtoto akianza kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, kupata degedege, kulegea au kushindwa kunyonya, mzazi apaze sauti na kumwita yeyote aliye karibu. Vilevile, baada ya sindano au dawa, akiona uso unavimba, vipele vinatoka ghafla au mtoto anakoroma kifuani, aseme mara moja na ataje dawa iliyotolewa muda huo.

Maswali ya kuuliza mapema

Familia inayojiandaa kujifungua, au yenye mtoto anayelazwa mara kwa mara, inaweza kuijua hospitali yake kabla ya siku ya dharura. Usiku wodi ya watoto ina manesi wangapi? Akija nesi mgeni, anafanya kazi na nani? Makabidhiano hufanyika kitandani au mezani? Hospitali inayojibu maswali hayo kwa utulivu imeshayafikiria. Inayosema “hayo hayakuhusu” nayo imejibu.

Kwa mzazi ambaye yeye mwenyewe ni nesi na amepata nafasi ya mkataba mbali na nyumbani, maswali hayahaya yanamfaa kabla ya kusaini: nitatembezwa na nani, zamu ya kwanza nitakuwa na nani, nitalipwa lini? Na akifika wodini akakuta kitu asichokijua, aseme hajui. Mama aliyekaa pembeni ya kitanda atamwamini zaidi nesi anayesema “ngoja nihakikishe” kuliko anayekisia dozi ya mwanawe.

Mtoto akisharuhusiwa kwenda nyumbani, ile karatasi ya dawa isitupwe. Ikunjwe na kuwekwa ndani ya kadi ya kliniki, kwa sababu safari ijayo hospitalini huenda kila nesi atakayempokea akawa mgeni kwake.