Sindano Haijui Kama Umelala Njaa

Na Rehema Atieno

Mtu akiambiwa ana kisukari huku Kianda, Kibera, majirani humuuliza kwanza kuhusu chai: ulikuwa ukitia vijiko vingapi? Swali hilo linaumiza, tena limepotea njia. Sukari yote inayozunguka kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ni kama kijiko kimoja tu cha chai. Kinachoilinda isipande wala kushuka ovyo ni kongosho.

Kiungo hiki hakitajwi kama moyo au figo. Kimejilaza nyuma ya mfuko wa tumbo, urefu wake kama sentimita 15. Chukua sahani ya chapo madondo ya pale kibandani. Chakula hicho hutoka tumboni kikiwa kimejaa asidi, na kongosho hukimwagia maji yenye bikaboneti ya kuituliza, pamoja na vimeng'enya. Amilesi hukatakata wanga wa chapati, tripsini huvunja protini ya maharagwe, lipesi hushughulikia mafuta. Tripsini hutoka ikiwa imelala na huamshwa ikishafika utumboni, maana ikiamka mapema hulila kongosho lenyewe. Wanaougua kongosho kutokana na vijiwe vya nyongo au pombe nyingi wanayajua maumivu yake.

Kazi ya pili hufanywa na vikundi vidogo vya seli ambavyo Mjerumani Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869. Chapati ikishageuka sukari na kuingia kwenye damu, seli hizo hutoa insulini. Misuli ikachukua sukari, ini likaweka akiba. Kijana anayetoka Kianda alfajiri kwa miguu hadi Industrial Area kutafuta kibarua, bila kitu tumboni, haanguki njiani kwa sababu kongosho limepunguza insulini na kutoa glukagoni, inayoliamrisha ini lifungue akiba. Kongosho linajua umekula. Linajua pia umelala njaa.

Insulini ya sindano haijui. Tangu Januari 1922, Leonard Thompson wa miaka 14 alipodungwa huko Toronto, dawa hii imeokoa watu wasiohesabika, lakini ikishaingia mwilini hufanya kazi yake chakula kipatikane au kikosekane. Fikiria mama anayefulia watu nguo mitaa ya juu na kulipwa jioni, siku nyingine asilipwe. Akijidunga kama alivyopangiwa kisha chakula kikose, sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Akiruka sindano, sukari hupanda, na baada ya muda macho, figo na miguu huharibika. Kumwambia mama huyu ale kwa wakati bila kumuuliza anapata nini si kumtibu.

Wala wenye kisukari si wachache. Watafiti waliopima zaidi ya watu wazima 2,000 hapa Kibera mwaka 2010 walikuta takriban 5 kati ya kila 100 wana kisukari. Wengi wa wagonjwa wa ugonjwa huu duniani kongosho lao bado hutoa insulini, ila mwili umeacha kuitii, nalo huchoka kwa kuongeza bidii. Unene, umri na urithi vina mchango, na soda za kila siku hazisaidii. Kuna wengine, mara nyingi watoto, ambao kinga ya mwili wao wenyewe imeziua seli za insulini. Mtoto kama huyo hakukosea lolote, na bila sindano hufa.

Nimesikia wagonjwa wakisema wameogopa insulini kwa sababu hawana friji. Katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab, wagonjwa walilazimika kufika hospitalini kila siku kudungwa kwa sababu hiyo hiyo. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakaipima insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba kichupa kilichofunguliwa kilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Nairobi si moto kama Dadaab. Mgonjwa wa Kianda anastahili kuelezwa hili anapokabidhiwa dawa, aonyeshwe na jinsi ya kuitunza kwenye chungu chenye ubaridi, mbali na jiko na mabati.

Septemba 2023 serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 mikoba yenye glukomita, kifaa cha kupimia sukari ya damu. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, nami nausifu. Sasa kaunti ihakikishe vijikaratasi vya kupimia haviishi, kwa sababu glukomita haisomi chochote bila hivyo. Na mhamasishaji akibisha hodi Kianda, kabla hajatoboa kidole, aulize kwanza: leo mmekula nini, na kesho mtakula nini? Jibu hilo aliandike kwenye daftari pamoja na kipimo, limfikie daktari anayepanga dozi.