Kipande Kimoja au Viwili

Akina mama wapendwa, tangu niliporudi kutoka kwa binti yangu, wengi wenu mkikutana nami njiani mmeniuliza swali moja: "Mama, kule New York mlikuwa mnakula nini?" Akina baba waliniuliza habari za maghorofa na treni. Ninyi mmeniuliza chakula, nami nimefurahi, maana hilo ndilo swali nililokwenda nalo mimi mwenyewe. Kwa miaka sita nilikuwa nikimpigia simu binti yangu na kumwuliza, "Umekula, mwanangu?" Naye akijibu, "Nimekula, mama." Basi. Mama akisikia hivyo hulala, lakini hulala nusu.

Nilikwenda Oktoba 2024. Binti yangu anamhudumia bibi mmoja mwenye umri wa miaka 91, katika sehemu ya mji iitwayo Greenwich Village. Anaingia saa tisa alasiri, anatoka saa tano usiku. Anamwogesha, anampa dawa kwa saa zake, anampikia supu, anamlaza. Yeye mwenyewe anaishi mbali, upande wa Bronx, na mimi nilikuwa nikishinda peke yangu katika chumba chake, nikitazama dirishani mpaka shingo iume. Siku moja yule bibi akasema anataka kumwona mama wa mtoto huyu. Nikaenda. Tukakaa naye jioni nzima, akanionyesha picha za marehemu mumewe, na ilipofika saa tano na robo mimi na binti yangu tukavaa makoti tukatoka.

Nikasema, "Sasa twende nyumbani ukapike kidogo, tule, tulale." Akacheka. "Mama, tukifika nyumbani itakuwa karibu saa saba. Mimi huwa nakula hapa njiani."

Hapa njiani palikuwa ni duka la piza.

Msidhani ni hoteli. Upana wake ni kama duka la Mangi mtaani kwetu. Viti hakuna, isipokuwa kaunta nyembamba ukutani, urefu wa kifua, watu wanasimama wanakula. Mlango haufungwi, na foleni ilikuwa imetoka nje mpaka kwenye njia ya waendao kwa miguu. Saa hiyo, wapendwa, kwetu mbwa peke yao ndio wanaotembea! Lakini pale alikuwepo kijana aliyebeba gitaa mgongoni, wasichana watatu waliovaa nguo za sherehe na kushika viatu vyao mkononi, polisi wawili, mzee mwenye mbwa mdogo, dereva wa teksi aliyeacha gari likiunguruma, na mwanamke mmoja wa makamo mwenye sare ya hospitali, ambaye macho yake yalikuwa yanafumba akiwa amesimama. Huyo nilimtazama sana. Kila mmoja alingoja zamu yake na hakuna aliyesukuma. Foleni yenyewe inakwenda upesi kuliko unavyofikiri, kwa sababu hakuna wa kuuliza "mna nini leo?" Vyote vimepangwa nyuma ya kioo, ukifika mbele unasema idadi, unalipa, unasogea.

Nieleze namna wanavyofanya, maana najua mtataka. Piza nzima ya pale ni duara kubwa, upana wa inchi 18 hivi, na hukatwa vipande 8 vyenye umbo la pembetatu. Unga ni wa ngano yenye nguvu, na hukandwa kwa maji, chumvi, na hamira kidogo sana. Siri yao ni kutoharakisha. Donge huachwa kwenye jokofu usiku mzima au zaidi liumuke polepole, ndipo linapata ladha. (Sisi tunaweka hamira nyingi na kuliweka juani liumuke kwa saa moja, kisha tunashangaa maandazi yananuka hamira.) Donge hutandazwa kwa mikono mpaka linakuwa jembamba katikati, hupakwa sosi ya nyanya, hunyunyiziwa jibini, huingizwa katika oveni ya gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 250. Piza huiva mapema ikawekwa mbele ya kioo. Ukiagiza kipande, hukirudisha ndani ya oveni dakika moja au mbili. Ndiyo maana kinafika mkononi kina moto wa kuunguza ulimi, na chini kimekauka kama chapati iliyosahauliwa kidogo jikoni, hata saa sita ya usiku.

Piza yenyewe chimbuko lake ni mji wa Napoli, kusini mwa Italia. Ilikuwa chakula cha watu wa kipato kidogo, na wahamiaji waliihamisha pamoja na mizigo yao. Anayetajwa kwa desturi kuwa wa kwanza kuiuza New York ni Gennaro Lombardi, mtaa wa Spring, mwaka 1905. Enzi hizo walioka kwa makaa ya mawe. Katika miaka ya 1930 zikaja oveni za gesi, ambazo ni rahisi kuzitunza, na baada ya Vita Kuu ya Pili maduka ya kuuza kipande kimoja kimoja yakaenea mji mzima. Sehemu hiyo hiyo tuliyokuwa kuna duka mashuhuri la Joe's, lililofunguliwa mwaka 1975 na Joe Pozzuoli, mzaliwa wa Napoli. Binti yangu hakunipeleka huko. Alisema kule ni kwa watalii, na yeye siyo mtalii.

Kuna jambo jingine lilinichekesha. Mwaka 1980 mtu mmoja aitwaye Eric Bram aliandika katika gazeti la New York Times kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1960 bei ya kipande cha piza imekuwa ikilingana na nauli ya treni ya chini ya ardhi. Nauli ikipanda, kipande nacho kinapanda, au kipande kinatangulia na nauli inafuata. Watu wa mji ule bado wanalisema jambo hilo mpaka leo, ingawa hesabu hailingani tena sawasawa. Nilipokuwa kule nauli ilikuwa dola 2.90, na kipande katika duka lile kilikuwa dola tatu na nusu. Kulikuwa na maduka yaliyouza kwa dola moja tu, wanafunzi na wafanyakazi wa usiku wakashukuru, lakini baada ya janga la korona mengi yalipandisha hadi dola moja na nusu. Wakati wa janga hilo hata treni, ambazo kwa kawaida hutembea usiku na mchana, zilifungwa saa za usiku wa manane kwa mwaka mzima, toka Mei 2020 hadi Mei 2021. Binti yangu alipokumbuka miezi ile alinyamaza tu. Kwenye simu hakuwahi kuniambia alikuwa akirudije nyumbani.

Dola tatu na nusu wakati huo zilikuwa shilingi elfu tisa na zaidi. Ninyi pigeni hesabu wenyewe. Mimi niliipiga pale pale kwenye foleni, na nikaona sufuria ya maharage ya watu sita.

Hapa niwaambie jambo ambalo sikutaka kuliandika, lakini tumezoeana. Baba watoto alinituma. Nyumba yetu tumeijenga kidogo kidogo, na ukuta wa kuizunguka umefika magotini ukasimama. Kabla sijapanda ndege alinivuta kando akasema, "Mama, ukipata nafasi nzuri, mwambie mtoto atusaidie huo ukuta. Wenzake huko wanajenga." Nikasema nitamwambia. Nilikuwa nimekaa naye wiki mbili na sijapata nafasi nzuri. Usiku ule, kwa vile moyo wake ulikuwa mkunjufu, nikajisemea kwamba tukishakula nitalitoa.

Tukafika mbele. Aliyekuwa kwenye kaunta ni mwanaume wa makamo kutoka Ecuador, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Alipomwona binti yangu aliinua vidole viwili kabla hajasemwa neno. Binti yangu akasema, "Leo vinne. Niko na mama." Yule baba akanitazama, akafuta mkono kwenye aproni, akanipa. "Mama!" alisema. Kumbe hata kwa Kihispania mama ni mama. Kisha akamtania binti yangu kwa Kiingereza, na hiyo niliielewa: "Leo viwili viwili, kwa hiyo siyo wiki ya kimoja!"

Binti yangu akacheka upesi mno, akatoa noti akalipa.

Tulipata nafasi kwenye kaunta kati ya kijana wa gitaa na yule dada wa sare ya hospitali. Vipande vinakuja juu ya sahani za karatasi, na sahani ni ndogo kuliko chakula, ncha inaning'inia nje. Binti yangu akanifundisha kula: unakikunja kwa urefu, kama mtu anavyokunja chapati, unainamisha mbele ili mafuta yadondokee kwenye sahani wala si kwenye koti. Kuna vichupa vya pilipili kavu iliyopondwa, unga wa kitunguu saumu na majani makavu ya oregano. Unajinyunyizia mwenyewe, hakuna anayekutazama. Nilitafuta mahali pa kunawa, sikuona. Tukainamisha vichwa kidogo tukashukuru hapo hapo tulipo, kijana wa gitaa akatusubiri tumalize ndipo akaomba pilipili.

Utamu wake? Ni mtamu, siwadanganyi. Ile chachu ya nyanya, jibini inavyovutika, na ukingo ulioungua kidogo. Wale mliokula "piza" ya Forodhani kule Unguja, ile ya nyama na yai inayokaangwa kwenye chuma, msifananishe. Majina tu ndiyo yamekutana. Nilimaliza cha kwanza nikajua kwamba nina njaa. Cha pili kilinishibisha. Cha kwanza peke yake, kwa mtu aliyemwinua mgonjwa kitandani toka saa tisa alasiri, hakitoshi.

Sikulisema pale. Tulishuka kwenye kituo cha West 4th Street, tukangoja treni ya D, tukakaa. Dada yule wa hospitali aliingia behewa letu, akalala kabla milango haijafungwa, mfuko umezungushwa mkononi mara mbili.

Nikamwuliza binti yangu, "Wiki ya kimoja ni wiki gani?"

Akajifanya hajasikia, kwa sababu treni ina kelele. Nikangoja tupite vituo vitatu. Nikauliza tena kwa ile sauti ambayo kila mmoja wenu anayo.

Akasema, "Mama, ni wiki ninayotuma pesa nyumbani. Kodi ikitoka, na pesa yenu ikitoka, nakula kimoja kimoja mpaka mshahara mwingine. Si njaa, mama. Asubuhi nakunywa uji. Usimwambie baba."

Kwa hesabu yangu ya haraka, tulikuwa tumepokea pesa kila mwezi kwa miaka minne. Nilikumbuka nilivyokwenda kuichukua kwa wakala, nikiwa nimejifunga kitenge kizuri, na nilivyowaambia majirani kwamba mtoto wangu anatukumbuka. Nilikumbuka pia mwezi ule ilipochelewa, na ujumbe nilioutuma. Sitauandika hapa.

Mkono wake ulikuwa juu ya goti lake, umekauka kwa kunawa mara nyingi kama mikono ya wauguzi. Nikaushika. Tukaenda hivyo mpaka kituo chetu, wala sikusema habari ya ukuta, usiku ule wala siku nyingine zilizobaki. Badala yake nilianza kupika mchana. Nilipata duka la Waafrika Magharibi lenye maharage na mchele, nikawa napika, naweka kwenye vyombo vya plastiki, nampa aende navyo kazini akapashe jikoni kwa yule bibi. Bibi naye, nasikia, aliomba kuonja, na maharage ya nazi yakampendeza kuliko supu. Siku niliyoondoka niliacha vyombo kumi na viwili kwenye friji ya kugandisha. Najua vimekwisha siku nyingi.

Niliporudi, baba watoto alingoja wageni watoke. Usiku, taa ikiwa bado inawaka, akauliza, "Ulimwambia mtoto lile jambo?"

Nikasema, "Sikumwambia."

Hakukasirika, ila alinyamaza kimya cha mtu anayetaka sababu. Nami nilikuwa nimeombwa nisiseme. Nilifikiri kidogo, nikaona siri ya namna ile haiwezi kukaa kwa mama peke yake, nikamweleza yote: foleni, yule baba wa Ecuador na vidole vyake viwili, wiki ya kimoja, uji wa asubuhi. Alisikiliza huku akitazama mezani.

Mwishowe akauliza, "Hicho kipande chenyewe kina ukubwa gani?"

Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya meza, vidole vimekutana mbele, nikamwonyesha. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akaenda kuzima taa ya nje.