Siku za Safari Huhesabiwa

Mara nyingi nasikia wazazi wakinung'unika: "Mtoto wetu yuko Uingereza. Alikuja siku kumi tu, akaondoka hata matanga hayajaanuliwa. Je, amesahau kwao?" Pengine hakusahau. Pengine anahesabu siku.

Tangu Kenya na Uingereza zilipotia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi wa afya, Julai 2021, habari za wauguzi wetu kwenda kule zimekuwa za kawaida vijijini. Basi yafaa sisi tuliobaki nyumbani tuijue sheria wanayoishi chini yake.

Mtu aliyekwenda kwa kibali cha kazi, akitaka ruhusa ya kukaa daima, hana budi kukaa nchini mfululizo kwa miaka kadhaa. Kwa muda mrefu njia ya wengi imekuwa miaka 5. Mwezi wa Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza nia ya kuifanya 10, kwa hiyo kila mmoja na aulize sheria iliyopo siku anapoomba. Katika miaka hiyo hapaswi kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 180 katika miezi 12 yoyote. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi; huhesabiwa siku nzima zilizo katikati.

Angalia neno "yoyote", maana ndilo linalowanasa watu. Kwa vibali vilivyotolewa tangu tarehe 11 Januari 2018, hesabu ni ya miezi 12 yoyote inayofuatana, wala si ya Januari hadi Desemba. Tuseme mume wa mwuguzi alikuja kujenga nyumba. Aliondoka kule 20 Septemba 2024, akarudi 19 Desemba: siku 89. Akaja tena kwa harusi ya mdogo wake, akakawia shambani, tangu 1 Machi 2025 hadi 10 Juni: siku 100. Yeye asema, "Mwaka 2024 nilitumia 89, mwaka 2025 nimetumia 100, niko salama." Lakini safari zote mbili zimo ndani ya miezi 12, na jumla yake ni 189. Amezidisha siku 9, na mwendo wake waweza kukatika, aanze tena.

Sheria hiyo haikosi huruma. Siku zilizotokana na ugonjwa wa kuhatarisha maisha, au kifo cha jamaa wa karibu, zaweza kuachwa nje ya hesabu. Ila ushahidi hutakiwa: barua ya daktari, au cheti cha kifo. Harusi na ujenzi havimo.

Kwa hiyo, wewe uliye ng'ambo, nunua daftari. Andika tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, na sababu. Tiketi zitunze. Usitegemee pasipoti peke yake, kwani Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka. Mimi ni karani, kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Najua jinsi tarehe isiyoandikwa siku ile ile inavyomsumbua mtu baada ya miaka minne. Na kabla ya kukata tiketi, hesabu miezi 12 iliyopita, kisha hesabu pia ile ijayo.

Nanyi wazazi na ndugu, msimwite mtoto kwa kila jambo. Mpaka wa shamba, mahari, kuezeka nyumba: mengi ya hayo yaweza kumalizwa na walio karibu. Mkizimaliza siku zake kwa mambo madogo, siku mama atakapolala kitandani akilitaja jina lake, mwana atakuwa kule na kalenda mkononi, akijiuliza kama aje ama asije. Na akija kwa siku kumi, mpokeeni kwa furaha. Amezitoa katika akiba yake.