Neno 'ndugu' lisitumiwe kututenga na ndugu

Hivi karibuni nilikuwa nyumbani Kianjai siku ya soko. Kando ya barabara itokayo Meru kwenda Maua, kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, kipaza sauti mkononi, akiwahubiria wauza maharagwe pamoja na abiria waliokuwa wakisubiri matatu. Hoja yake ilikuwa moja tu: kwamba Wakatoliki wamedanganywa. Wanafundishwa kuwa Maria alibaki bikira maisha yake yote, ilhali Injili ya Mathayo, sura ya 13, inawataja kwa majina ndugu zake Yesu, yaani Yakobo, Yosefu, Simoni na Yuda. "Ndugu ni ndugu," akasema, "tumbo moja, titi moja!" Watu wakamwitikia.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akaniuliza, "Mwalimu, yule si ndugu yako?" Nikamjibu kwamba ndiye. Na kwa hakika ndiye, ingawa hatukutoka tumbo moja. Ni mtoto wa baba yangu mkubwa, na alilelewa na mama yangu tangu alipofiwa na mamake angali mchanga. Mama alipozikwa mwaka jana, jina lake lilisomwa kanisani miongoni mwa watoto wa marehemu. Hakuna aliyesimama kudai lifutwe.

Msomaji mpendwa, kazi yangu ni kufundisha isimu, wala si theolojia. Hata hivyo, suala hili limeingia katika shamba langu, kwa kuwa ni suala la maana ya neno. Wayahudi wa kale, kama sisi, walilitandaza neno "ndugu" likawafunika watu wengi wa ukoo. Katika Mwanzo 13:8, Abramu anamwambia Lutu kwamba wao ni ndugu, hali sura ya 11 imekwisha kutueleza kuwa Lutu alikuwa mtoto wa Harani, nduguye Abramu. Katika sura ya 29, Labani anamwita Yakobo ndugu yake, naye ni mjomba wake. Wayahudi wa Aleksandria walipoifasiri Torati kwa Kigiriki, takriban karne ya tatu kabla ya Kristo, katika aya hizo waliliweka neno la Kigiriki "adelphos", yaani ndugu. Ni neno lilo hilo tunalolikuta katika Mathayo. Naye Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15, asimulia kwamba Kristo mfufuka aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja. Ni tumbo la nani hilo lililowazaa?

Kuna na hoja ya pili, itokanayo na Mathayo 1:25, kwamba Yosefu hakumjua Maria "mpaka" alipojifungua. Wasemao hivyo hudhani kuwa "mpaka" lazima lifuatwe na badiliko. Lakini tumwambiapo msafiri kwamba Mungu amlinde mpaka tutakapoonana tena, je, twamaanisha kwamba tukishaonana ulinzi ukome? Kitabu cha Pili cha Samweli, 6:23, chasema kwamba Mikali binti Sauli hakupata mtoto mpaka siku ya kufa kwake. Sijamsikia mhubiri akidai kuwa alizaa kaburini.

Uadilifu wa taaluma wanilazimu kukiri kwamba upande wa pili nao una hoja nzito. Kigiriki kina neno "anepsios", lenye maana ya binamu, na limetumika katika Wakolosai 4:10 kumhusu Marko na Barnaba. Kwa nini Mathayo asilitumie? Pengine ni kwa sababu jamaa hao wa Bwana walikuwa wamezoeleka kwa jina la ndugu katika lugha ya nyumbani, na jina likishazoeleka halibadilishwi kwa urahisi. Lakini hilo ni jibu linalowezekana, si thibitisho. Isimu yaweza kuonyesha kwamba neno halimlazimishi mtu kuamini kuwa Maria alizaa tena. Peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba hakuzaa.

Basi nani aamue? Hapa ndipo Mkatoliki anapoyauliza mapokeo ya Kanisa la kale, wala hafanyi hivyo kwa kuyadharau Maandiko. Paulo mwenyewe, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, 2:15, awaagiza waumini wayashike mapokeo waliyofundishwa, yawe kwa maneno ya mdomo au kwa barua. Ni kweli kwamba si waandishi wote wa kale waliokubaliana. Helvidio alipodai kuwa Maria alizaa watoto wengine, alimtaja Tertuliano wa Karthago kuwa upande wake. Mtakatifu Yeronimo akamjibu kwa kitabu kizima mnamo mwaka 383. Lakini kauli iliyodumu katika Kanisa, Mashariki na Magharibi, ni ile ya Bikira Daima. Atanasi, askofu wa Aleksandria, alimwita Maria kwa jina hilo. Naye ndiye huyo huyo ambaye katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile alivyovishika ndugu yangu mkononi pale sokoni. Twaipokea orodha ya Mwafrika huyu bila kusita. Imani yake kuhusu Maria basi haistahili kuitwa uzushi wa majuzi.

Ndugu zetu Wamethodisti, ambao kwetu Meru wamekuwa majirani wa Wakatoliki tangu enzi za wamisionari wa Kaaga na wale wa Consolata, huenda wakashangaa kusikia kwamba John Wesley, mwanzilishi wa harakati yao, aliandika katika barua yake kwa Mkatoliki mwaka 1749 kwamba Maria alibaki bikira hata baada ya kumzaa Yesu. Imani hii, kwa hiyo, si ukuta uliojengwa na Wakatoliki ili kuwatenga wengine.

Nayasema haya kwa sababu jambo lenyewe limeingia nyumbani. Wiki ile tulikuwa na misa ya kumbukumbu ya mama. Ndugu yangu hakuja. Alituma ujumbe kwamba hawezi kuketi mahali ambapo Maria anatajwa, na kwamba anahofia roho ya mwanamke aliyekufa rozari mkononi. Simkasirikii, najua kwamba hofu yake imetoka katika upendo. Lakini namwomba atafakari jambo moja. Kama ndugu ni wa tumbo moja tu, basi mwanamke yule hakuwa mama yake, mimi si nduguye, na hana sababu ya kumlilia. Hilo yeye mwenyewe halikubali, maana nilimwona kaburini.

Mwakani tutaisoma misa tena. Jina lake litakuwa mahali pake, kati ya watoto.