Nani Alikwambia Imekufa?

Wadau, kuna neno moja tunalipenda sana huku kwetu: imekufa. Redio ikinyamaza, imekufa. Kompyuta ya shule ikikataa kuwaka, mtu anabonyeza swichi mara tatu, anatikisa kichwa, anaandika kwa karatasi, imekufa. Hata skrubu moja hajafungua.

Majuzi nilipanda matatu hapa Migori, nikashuka Rongo, nikaunganisha hadi upande wa Homa Bay. Mwalimu mmoja alikuwa ameona video zangu akaniita. Shule yao ilikuwa na kompyuta 14 za msaada, zile za zamani za sanduku zito, zimejaa vumbi stoo. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anakuja Ijumaa kuzipima kwa kilo. Na darasani, sidanganyi, watoto walikuwa wamechora kibodi kwa daftari, wanajifunza kuchapa juu ya karatasi.

Kitu cha kwanza nilizunguka nyuma ya mashine. Pale karibu na tundu la waya wa stima kuna kaswichi kadogo kekundu kameandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Stima ya Marekani ni kama volti 120, yetu ni 240. Hiyo swichi ikiwa kwa 115, lile sanduku la chuma linalopokea stima ndani ya kompyuta huwa linazidisha volti mara mbili. Sasa mtu anatoa mashine kwa katoni, hajaangalia nyuma, anachomeka ukutani. Kapasita zilizoundwa kubeba kama volti 400 zinapigwa na karibu 680. Paah! Moshi, fyuzi imekatika, na kila mtu ameapa hatagusa tena. Lakini mara nyingi kilichoungua ni hilo sanduku tu. Ni kama askari wa geti amepigwa, halafu mnazika nyumba nzima.

Mashine 5 zilikuwa hivyo. Zingine 3 kapasita za ubao zilikuwa zimefura kichwani kama mahamri. Huo ni ugonjwa wa dunia nzima, miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kapasita mbovu nyingi sana. Moja ilihitaji betri ndogo ya CR2032, ile bapa kama sarafu. Betri tu, jameni.

Haya yote sikufunzwa chuo. Chuo niliacha mwaka wa pili, na kama hilo linakufanya usinisikize, sawa, pita. Nilifunzwa na fundi wa redio hapa Migori, mzee ambaye hachomeki kitu cha mteja moja kwa moja ukutani. Anapitisha stima kwanza kwa balbu ya kizamani ya wati 100. Balbu ikiwaka kali na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikimulika kidogo halafu ififie, endelea.

Siku moja nilimuuliza, "Jaduong', si tuwashe tu tuone?"

Akanijibu, "Nyathina, ukiwasha ndio uone, utaona moshi."

Huko nje kuna watu wanafufua PDP-11, kompyuta ya kampuni ya Digital ya Marekani iliyotoka 1970. Zingine zinajaza kabati refu kama friji. Hawaanzi na swichi. Wanatoa kadi zote za ndani, wanapima sanduku la stima peke yake likiwa na mzigo wa bandia, kwa sababu zile volti 5 za chipu zikipanda tu, chipu ambazo hazitengenezwi tena zinaungua zote. Mtu anakaa wiki nzima hajabonyeza chochote. Na hiyo mashine hata haina kazi ya kumfanyia! Sisi tuna mashine ambayo mtoto wa shule anaweza kuandikia barua, na tunaihukumu kwa dakika moja.

Najua wengine mtasema hizo ni takataka za wazungu. Kuna ukweli hapo. Zingine zinakula stima na ni nzito kama mtu mwenye hangover, na zipo ambazo hazikufaa kuletwa kabisa. Lakini uamuzi huo ufanywe na mtu aliyefungua na kupima.

Nasema hivi kwa sababu mimi nimewahi kuua mashine kwa mdomo. Mama mmoja wa saiba aliniletea kompyuta yake, nikabonyeza, nikamwambia, "Mama, hii imeenda." Akaiuza kwa kilo. Miezi baadaye ndio nilijifunza habari ya kale kaswichi kekundu, nikakumbuka kwamba sikuzunguka nyuma. Huwa napita kwake nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Pale shuleni nilikuwa nimebeba masanduku 4 ya mtumba ya stima kwa gunia. Kufika jioni, mashine 6 zilikuwa zinawaka. Zilizobaki tukazitoa vipuri. Masanduku yaliyoungua sikuruhusu watoto wayafungue. Kapasita za ndani zinaweza kukurusha hata kama umechomoa waya.

Mnunuzi alikuja Ijumaa, akapewa maganda 8. Mwalimu amenitumia picha, watoto wanne kwa kompyuta moja wakigombania kipanya. Ile ya sita bado inajizima ikifika kama dakika 20. Nadhani ni feni. Narudi Jumamosi.