Bia Nyeusi ya Pipa na Kipimo Chake

Nyumba nyingi za Kigali zaijua pombe ya ndizi, urwagwa. Ndizi huivishwa shimoni, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku chache kinywaji huwa tayari. Kikicheleweshwa huchacha. Bia nyeusi iitwayo imperial stout ni kinyume chake: hiyo hungojewa.

Asili yake ni London, karne ya 18, ambako ilipikwa kali na kupelekwa hadi Urusi, katika kasri la malkia Catherine wa Pili. Weusi wake hutokana na shayiri iliyokaangwa kama kahawa. Katika miaka ya 1990, kiwanda cha Goose Island cha Chicago, Marekani, kiliilaza katika mapipa ya mwaloni yaliyokwisha kuhifadhi wiski ya bourbon. Sheria ya huko hutaka bourbon iwekwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani. Ndiyo maana mapipa yaliyotumika hayakosekani. Bia ikikaa humo miezi kadhaa hunyonya harufu ya mti, ya vanila na ya wiski yenyewe.

Afisa arudiye kutoka ng'ambo na chupa ya namna hiyo, yafaa aionje hivi pamoja na jamaa zake. Isinywewe ingali baridi kama barafu, kwani baridi huficha harufu. Imiminwe kidogo katika bilauri ndogo, inuswe, kisha inywewe kwa mafunda madogo, ili ulimi utambue kahawa, chokoleti na uchungu wa mwisho.

Hata hivyo, hesabu itangulie ladha. Chupa ya sentilita 33 yenye kileo asilimia 12 ina karibu mililita 40 za kileo halisi. Chupa kubwa ya sentilita 72 ya bia ya asilimia 5 ina mililita 36. Ndogo imeizidi kubwa! Askari asemaye amekunywa kachupa kamoja tu amedanganywa na umbo. Kifaa cha polisi barabarani hakihesabu chupa; hupima kileo kilichomo mwilini.

Basi chupa moja igawanywe kwa watu wanne, kama kibuyu cha urwagwa kinavyozungushwa barazani. Mwenye zamu ya usiku na mwenye ufunguo wa gari wawekewe fungu lao hadi siku ya mapumziko. Bia iliyongoja miezi pipani haitaharibika kwa kungoja siku mbili kabatini, maadamu haijafunguliwa.