Kifurushi cha Chakula cha Fungate: Tunalipia Nini Hasa?

Mfunguo mosi umeingia, kadi za harusi zimejaa mezani, na pamoja na maswali ya kila mwaka ya hina, piko na nguo ya kutolewa nje, safari hii limeongezeka jingine: chakula cha fungate. Mabiarusi wetu wanaoolewa na vijana walioko Marekani, na wachache wanaoondoka hapa hapa kisiwani na waume zao, siku hizi wanapelekwa Orlando, Florida, kwenye bustani za burudani za Disney. Hoteli ikishalipiwa, swali linakuja: mnataka kuongeza kifurushi cha chakula?

Jibu letu tunalitoa mapema ili mwenye haraka aende akaendelee na shughuli zake. Kwa Muislamu anayechunga kinachoingia tumboni mwake, msinunue. Wapo tunaowatoa kwenye kauli hii, na tutawafikia.

Kwanza tuelewane kinachouzwa. Mnalala kwenye hoteli ya Walt Disney World, na mnalipia chakula kabla hamjafika, kwa idadi ya usiku mtakaolala. Vifurushi ni viwili. Kile cha chini kinampa kila mtu, kwa kila usiku, milo miwili ya kaunta, yaani ya kuagiza na kubeba sinia mwenyewe, pamoja na kitafunio kimoja. Kile cha juu kinatoa mlo mmoja wa kaunta, mmoja wa kukaa mezani na kuhudumiwa, na kitafunio kimoja. Vyote vina kikombe cha kujazia soda na kahawa hotelini. Milo inahesabiwa kwa pointi, na pointi hizo zina tabia ile ile ya bando la simu: saa sita ya usiku wa siku mnayotoka hotelini, zilizobaki zimekufa.

Vifurushi hivi vilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona na vikarudi Januari 2024. Viliporudi, cha chini kilikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kwa usiku mmoja, na cha juu dola 94.28. Bei zimepanda tangu hapo, kwa hivyo angalieni ya mwaka wenu, lakini hebu tupige hesabu kwa hizo. Watu wawili, usiku tano, kifurushi cha juu: dola 942.80. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili kwa kula tu. Na bahashishi ya mhudumu haimo. Marekani bahashishi ya mezani si ihsani kama huku kwetu. Ni kama deni, asilimia 18 mpaka 20 ya bei ya chakula, hata kama chakula chenyewe mmeshakilipia miezi mitatu nyuma.

Sasa tuingie ndani ya hiyo bei, maana hapo ndipo penye jambo letu. Kifurushi hiki kilipoanza mwaka 2005, mlo wa mezani ulikuwa na kianzio, chakula chenyewe, kitamutamu na kinywaji, na bahashishi ilikuwa imo. Mwaka 2008 wakatoa kianzio na bahashishi. Mwaka 2018 wakaongeza kitu: mwenye miaka 21 na zaidi anaweza kuchukua bia, mvinyo au kokteili kwa kila mlo. Tazameni mabadilishano hayo kwa jicho la mtu asiyekunywa. Kilichoondolewa ni tulichokuwa tukikitumia, na kilichoingizwa ni tusichokigusa. Kokteili moja kwenye mikahawa ile inapita dola 15, na soda haifiki dola 6. Bei ya kifurushi ni moja kwa wote, wewe na yule wa meza ya jirani mwenye glasi yake.

Tuseme haki: hakuna anayekulazimisha kuchukua pombe. Unaweza kudai juisi nzito ya matunda au maziwa ya aiskrimu badala yake, na wapo wanaofidia kidogo kwa njia hiyo. Lakini ni nani anayekunywa maziwa ya aiskrimu mchana na usiku kwa siku tano? Hata huyo bwana harusi mwenye meno ya sukari atachoka siku ya pili.

Je, kulipia kifurushi chenye pombe ndani yake kuna ubaya kisheria hata kama huinywi? Hilo si letu kulitolea hukumu. Muulizeni shekhe wenu. Sisi tunazungumzia mfuko, na kwenye mfuko hesabu haipandi. Chukueni kifurushi cha chini. Mlo wa kaunta unaotufaa, samaki au wa mboga, ni kiasi cha dola 15. Ongezeni soda dola 5. Mara mbili kwa siku, dola 40. Kitafunio, tuseme dola 7. Kile kikombe kinauzwa peke yake kwa dola 20 na ushei kwa kukaa kwenu kote, kwa hivyo kwa usiku mmoja ni dola 4 au 5. Jumla hamfiki dola 57. Na hapo tumeweka soda kila mlo. Kwenye kaunta zile zinazouza soda za bomba, glasi ya maji yenye barafu hutolewa bure ukiomba. Mkinywa maji, mnashuka mpaka kwenye arobaini.

Kifurushi kinalipa kwa mtu anayekula nyama ya bei kubwa kila mlo na kuagiza kokteili kila mlo. Huyo ndiye aliyepigiwa hesabu. Sisi tunaingia mkahawani, tunasoma karatasi yote, na kati ya vyakula kumi tunabakiwa na viwili.

Hapa tuseme neno kuhusu majina, maana yamewachanganya wengi. Hoteli inayopendwa sana na watu wetu ni Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001. Utaikuta sehemu moja inaitwa Jambo House, nyingine Kidani Village. Mikahawa yake: Jiko, Boma, Mara, Sanaa. Ukienda kwenye bustani yenyewe ya Animal Kingdom unaingia mji unaoitwa Harambe, na waliouchora walichukua sura yake kutoka Lamu, kuta zake na milango yake. Mtu wa visiwani akiona hivyo moyo unalainika, anahisi yuko kwao. Dada zetu, jina la Kiswahili halichinji kuku. Kwenye bufee ya Boma kuna kitamutamu kidogo cha duara kinachopigiwa picha na kila mtu, kinaitwa Zebra Domes, kimepakwa chokoleti nyeupe na mistari ya pundamilia. Ndani yake kuna Amarula, kileo kitamu cha Afrika ya Kusini. Hakina harufu ya kukushtua, na watoto wanakila wawili wawili. Hapo Harambe nako kuna Dawa Bar, na dawa inayouzwa pale si ya kikohozi.

Hata hiyo bustani kubwa yenye kasri la Cinderella, Magic Kingdom, ilifunguliwa 1971 na ikakaa miaka mingi mikahawa yake haiuzi kilevi, mpaka 2012. Kwa hivyo akikwambia shangazi aliyekwenda zamani kwamba pale hapana pombe, alikuwa anasema kweli ya wakati wake.

Kuhusu nyama: nyama ya kawaida ya mikahawa ile msiichukulie kuwa imechinjwa kwa taratibu zetu. Mkikaa mkahawa wa mezani mnaweza kuomba mpishi mwenyewe aje mzungumze naye, na kwa kawaida wanakuja kwa heshima kabisa. Ulizeni nyama imetoka wapi, mafuta ya kukaangia yamepikiwa nini kabla, na mchuzi umetiwa mvinyo au haukutiwa. Tangu 2019 wanaweka alama ya jani kwenye vyakula visivyo na kitu chochote cha mnyama, na alama hiyo inasaidia sana. Ila jani halisemi lolote kuhusu mvinyo. Ulizeni tu, msione haya. Bi harusi wetu mmoja, kwenye hoteli ya bustani nyingine ambayo hatutaitaja, alilipiwa chakula cha wiki nzima kabla hajafika, kisha akaona haya kuuliza, akaishia viazi vya kukaanga na saladi siku saba. Waliomwalika walifikiri amekonda kwa sababu ya harusi.

Sasa tuje kwa wanaotupinga, maana wanayo hoja na hatutaki kuipita juu juu. Somo mmoja tunayemheshimu sana anasema: fungate si pahala pa kuhesabu pesa. Mume akitoa pochi kila mlo mbele ya mke wa wiki moja, mke ataona haya kuagiza, na mume ataanza kukunja uso akiona bei. Bora vyote viwe vimelipwa, mtu ale kwa raha. Na kweli, tunawajua mabiarusi ambao wangelala njaa kuliko kumwambia mwanamume waliyekutana naye vizuri Ijumaa iliyopita kwamba wanataka mlo wa dola 40.

Tunamwelewa. Lakini raha hiyo haidumu. Ukishalipa kabla, unaanza kufukuza pointi. Mmechoka, jua la Florida limewapiga, mnatamani kurudi chumbani mswali Magharibi na Isha kwa utulivu mlale, lakini mna mlo wa mezani umelipiwa, na meza mmeiwekea nafasi miezi miwili nyuma, kwa hivyo mnakwenda. Siku ya mwisho mna vitafunio sita havijatumika, mnanunua peremende za kubeba ili tu visipotee. Hiyo ni israfu, ingawa imelipiwa.

Na zaidi ya hapo, pesa hii mara nyingi ni ya kijana anayefanya zamu mbili ghalani au anayeendesha teksi usiku huko Marekani, ambaye ndiye huyo huyo aliyetoa mahari, akatuma tiketi za mama na dada zake, na kodi ya nyumba inamsubiri tarehe moja. Ikiwa jambo la kwanza mnaloamua pamoja kuhusu pesa ni kununua kitu ambacho robo yake hamtaigusa, kwa sababu mmoja kaona haya kusema na mwingine kaona haya kuuliza, basi hiyo haya itawafuata mpaka dukani kwenye unga na mafuta ya kupikia. Mwambieni. Mwambie kwa adabu: mume wangu, tutenge dola mia tano za kula, nipe mimi nizishike. Mwanamume anayekataa hilo hatujamwona bado.

Kwa pesa hiyo mnaweza kula vizuri sana. Kaeni mara moja pale Sanaa, pundamilia na twiga wakipita nje ya dirisha, agizeni ile mikate ya Kihindi na chatne zake, mlipe kwa pesa yenu. Usiku mwingine tokeni nje ya Disney. Upande wa International Drive na Kissimmee kuna mikahawa ya Wahindi, Wapakistani na Waarabu yenye nyama ya halali, na huko mnakula mishkaki bila kuhoji mpishi. Asubuhi chumba kina friji ndogo: maziwa, tende, mayai ya kuchemsha. Bustanini wanaruhusu kuingia na chakula chenu, alimradi si kwenye vyombo vya gilasi na hakihitaji kupashwa moto. Chapati zimesafiri mbali zaidi ya hapo.

Tunaowatoa ni wenye watoto. Mtoto wa miaka 3 mpaka 9 alikuwa akilipiwa dola 29.69 kwa usiku kwenye kifurushi cha juu mwaka 2024, na mlo mmoja tu wa bufee pamoja na Mickey unaweza kupita hapo. Familia yenye watoto watatu wanaotaka kula na wanasesere kila siku, hesabu inaweza kuwageukia vizuri. Lakini kumbukeni sharti: kila mtu kwenye chumba, kuanzia miaka 3, lazima awe na kifurushi hicho hicho. Huwezi kuwanunulia watoto ukamwacha baba. Wala mama mkwe, kama mmekwenda naye.

Wengine ni wanaokwenda Abu Dhabi, kisiwa cha Yas, kwenye Ferrari World, Warner Bros. World na SeaWorld. Disney nao walitangaza Mei 2025 kwamba watajenga huko. Kule suala la nyama ni jepesi zaidi, na nguruwe na pombe vikiwepo hotelini huwekwa mbali na kuandikwa. Chukueni chumba chenye chai ya asubuhi, ni raha. Chakula cha usiku cha hoteli acheni, maana kitawafunga hotelini wakati mji mzima umejaa machuzi mazuri kwa nusu ya bei.

Na kama wakwe wameshawanunulia kifurushi cha Florida kama zawadi, pokeeni kwa shukrani na msiwakumbushe makala hii. Malipo ya mwisho hudaiwa siku 30 kabla ya kufika. Ikiwa tarehe hiyo haijapita, bado mna nafasi ya kuomba kibadilishwe. Ikiwa imepita, wekeni nafasi za mezani mapema, siku 60 kabla, chagueni mikahawa yenye samaki, na pointi zenu zitumieni huko kwanza kabla ya kaunta. Kinywaji chukueni juisi nzito ya embe, si soda.